Hifadhi ya Shule za Rosenwald: Jina la Mfadhili, Jasho la Wazazi

Pendekezo la kuzifanya shule kongwe za watoto Weusi wa Kusini mwa Marekani kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa linaibua maswali mawili: ni majengo gani yahifadhiwe, na ni historia ya nani isimuliwe ndani yake.

Sheria iliyotiwa saini Januari 2021 iliiagiza Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo, ambayo ndiyo yenye dhamana ya hifadhi na ardhi ya umma, kufanya utafiti maalumu kuhusu maeneo yanayohusiana na Julius Rosenwald na shule zinazobeba jina lake. Ikumbukwe kuwa utafiti huo hauanzishi hifadhi. Kazi yake ni kupima umuhimu wa maeneo hayo kwa taifa na uwezekano wa Serikali Kuu kuyasimamia. Kuanzisha hifadhi ya aina hiyo huhitaji Bunge kutunga sheria nyingine.

Shule hizo ni matunda ya ushirikiano kati ya Rosenwald, mfanyabiashara wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck, na mwalimu Booker T. Washington wa Taasisi ya Tuskegee, Alabama. Wakati mamlaka za Kusini zikiwatenganisha wanafunzi kwa rangi na kuwatengea watoto Weusi fedha kidogo mno, mpango huo ulijenga shule karibu 5,000 katika majimbo 15 kati ya 1912 na 1932. Miongoni mwa waliosoma humo ni mwandishi Maya Angelou na mbunge John Lewis.

Hata hivyo, fedha za Rosenwald zilikuja kwa sharti: jamii ichangie, na mamlaka ya elimu ikubali kuiendesha shule. Kati ya gharama ya takriban dola milioni 28.4, Rosenwald na mfuko wake walitoa milioni 4.3, ilhali michango ya Wamarekani Weusi, wengi wao wakulima maskini, ilifikia milioni 4.7. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na kodi, ambayo wao pia walilipa. Kwa maneno mengine, wazazi hao waliilipia shule moja mara mbili.

Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954, shule hizo zilifungwa hatua kwa hatua. Yamesalia majengo takriban 500, mengi yakitunzwa na makanisa na wanafunzi wa zamani ambao umri umewatupa mkono. Hifadhi yenye majengo machache itayaacha mengine nje ya ulinzi.

Njia ya kupunguza pengo hilo ipo. Mwaka 2022, hifadhi ya Topeka, Kansas, inayoadhimisha hukumu ya 1954, ilipanuliwa hadi South Carolina, huku maeneo ya Virginia, Delaware na Washington yakitambuliwa kama washirika bila Serikali kuyamiliki. Utaratibu kama huo ungeziwezesha shule zaidi kutambuliwa zikiwa mikononi mwa jamii zilizozijenga.

Jina la Rosenwald linastahili kubaki kwenye kibao cha hifadhi. Linalohitaji kulindwa kwa uzito uleule ni kumbukumbu ya wazazi waliochanga zaidi yake, ambao majina yao hayapo kwenye kibao chochote.