MOSHI WA AFANDE

Hakuna kuruta aliyezaliwa na sigara kinywani. Walio wengi katika wavutaji walianza kabla ya kutimiza miaka 20, na sigara ya kwanza haikuwapa utamu, bali kikohozi na kizunguzungu. Kwa nini basi waliendelea? Sisi tulio makambini twajua. Kijana hupewa sigara na mwenzake usiku wa lindo, akaambiwa kwamba hufukuza baridi na usingizi. Hutumwa na koplo dukani kuinunua. Humwona sajenti anayemheshimu akiivuta. Akiikataa huitwa mtoto. Baada ya muda si mrefu nikotini imemshika, na mshahara wake umepata bwana mwingine.

Desturi hii si yetu peke yetu. Jeshi la Marekani lilitia sigara katika posho ya chakula cha askari wake hadi mwaka 1975, kisha likaacha. Nasi yatupasa tuache kumpa kuruta sigara kana kwamba ni nishani ya ushujaa.

Tena, madhara hayaishii kwa mvutaji. Askari wetu wengi, hasa polisi, huishi na jamaa zao katika vile vibanda vya bati viitwavyo “mama ingia pole”. Humo watu wazima na watoto hulala chumba kimoja. Baba atokaye zamu akawasha sigara humo, huwavutisha wote, na kufungua mlango hakuwaokoi. Mtoto auvutaye moshi huo hupatwa kwa wepesi zaidi na nimonia, pumu na maradhi ya masikio. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kwa moshi wa wenzao.

Sheria ya Uganda ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 yakataza kuvuta mahali pa kazi na pa watu wote, hata umbali wa mita 50 kutoka hapo. Yakataza pia kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 21, na kuruta kadha wa kadha wamo katika umri huo. Ni aibu sheria hii kuvunjwa na wale waliokabidhiwa kuilinda.

Kwa hiyo twawasihi maafande wote: msimtume kuruta sigara, msimpe lindoni, wala msivute mbele ya watoto. Aliyekwisha kunaswa na aende kwa daktari wa kambi bila kuona haya. Kuruta hufuata mwendo wa mkubwa wake kuliko hotuba yake.