Batri ya moto: bei ya chini inamrudia manseba

Saa moja ya jioni, umeme umekatika Katuba, na moto inapita ikiwa na abiria wawili. Taa ya nyuma haiwaki, honi hailii. Watu wanamlaumu manseba kwa uzembe. Lakini mara nyingi chanzo ni batri aliyoinunua juzijuzi kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote.

Kwa kijana anayetakiwa kumpelekea mwenye moto pesa yake kila jioni, dolari chache ni kitu kikubwa. Lakini batri inayokufa baada ya miezi mitatu inanunuliwa mara nne kwa mwaka. Hapo bei ya chini imekuwa ghali.

Kabla ya kutoa pesa, afazali kwanza kujua kama batri ndiyo mbovu. Injini ikiunguruma, voltimeta inapaswa kuonyesha kati ya volti 13,5 na 14,5. Ikibaki chini ya 13, batri haipati chaji. Ikipita 15, inaunguzwa. Basi ubovu uko kwenye regulateri au kwenye nyaya, na batri mpya nayo itakufa vilevile.

Ikionekana kwamba batri ndiyo imekwisha, mpya ilingane na ya zamani: volti 12, ampea zilizowekwa na kiwanda, ukubwa unaoingia katika kisanduku chake, na upande uleule wa chanya na hasi. Kibandiko peke yake kisiaminiwe. Risasi ni nzito. Kati ya batri mbili za ukubwa mmoja, ile nyepesi sana itiliwe shaka.

Batri iliyofungwa ipimwe palepale dukani. Ikiwa na volti 12,6 au zaidi, ni nzima. Ikiwa chini ya 12,4, huenda imekaa sana bila kuchajiwa, na mteja ana haki ya kuikataa. Ile ya kutiwa asidi nayo inaharibiwa na haraka: asidi inamiminwa, batri inafungwa kwenye moto papo hapo, safari inaanza. Inatakiwa itulie karibu nusu saa, kisha ichajiwe polepole kwa masaa kadhaa. Baadaye, maji yakipungua, inaongezwa maji safi ya batri tu. Si asidi tena, wala maji ya bomba.

Lakini mzigo huu usiachiwe manseba peke yake. Muuzaji asiye na voltimeta wala garantii ya maandishi anauza bahati nasibu. Na OCC, yenye kazi ya kukagua bizaa zinazoingia katika inchi, ipime kama ampea zilizoandikwa ndizo zilizomo, mbele batri hazijapita Kasumbalesa na kufika sokoni.

Kuna pia batri ya zamani. Kuivunja uani ili kuyeyusha risasi ni kuwapa watoto sumu inayoharibu akili. Kule Mombasa, wakaaji wa Owino Uhuru waliteswa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha batri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Lubumbashi isingojee kufika huko: kila muuzaji apokee batri ya zamani na kumpunguzia mteja bei ya mpya, kisha azipeleke zote mahali panapojulikana na kukaguliwa.

Tangu Aprili 2022, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha Afrika cha utafiti wa batri. Ni jambo la kujivunia katika mji wa shaba na kobalti. Lakini mji unaotaka kutengeneza batri za magari ya kesho hauwezi kushindwa kumhakikishia manseba wa leo batri inayowasha taa yake ya nyuma.