Mabakuli Ukutani na Chokaa ya Pwani

Mgeni afikaye Gedi, karibu na Watamu, kwa kawaida huongozwa moja kwa moja hata kwenye jumba la Sultani na msikiti mkuu. Huzitazama kuta, huuliza umri wake, kisha huenda zake. Walakini akisimama kitambo mbele ya mihrabu ya msikiti huo ataona vishimo vya mviringo vilivyopangwa kwa mizani katika chokaa. Vishimo hivyo havikufanywa na ndege wala na mvua. Ndimo yalimokaa mabakuli ya kauri yaliyotoka China, yakatiwa ukutani chokaa ingali mbichi, yakawaelekea watu waliosimama kusali. Mabakuli mengi yamekwenda, na alama zake ndizo zilizobaki.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo yalikuwa mapambo tu ya watu wenye mali. Mapambo yalikuwako, hapana shaka. Lakini nyuma yake palikuwa na elimu kubwa ya ujenzi. Fundi wa Pwani alijua kwamba ukuta una mwili na una ngozi, na kwamba ngozi isiyopatana na mwili haidumu. Elimu hiyo ina faida hata leo, kwa mwenye nyumba ya urithi Lamu na kwa mwenye nyumba ya udongo huko bara pia.

MAWE YA NAMNA MBILI

Nyumba za mawe za Pwani, tangu Lamu hata Kilwa, zilijengwa kwa matumbawe, yaani mawe yaliyofanywa na wadudu wadogo wa bahari. Matumbawe hayo hayakuwa ya namna moja. Yako yale magumu yaliyochimbwa nchi kavu, mahali palipokuwa bahari zamani za kale. Hayo yalivunjwa vipande vipande, yakajengewa kuta nene. Yako na yale yaliyotolewa baharini yangali mabichi. Tumbawe la bahari likitoka majini hukatika kwa shoka na kuchongeka kwa patasi kama ubao. Likikaa hewani huwa gumu. Kwa sababu hiyo lilichongwa upesi, likafanywa miimo ya milango, matao na mihrabu. Huko Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mawe ya namna hii yalichongwa nakshi ambazo wataalamu wangali wakizisoma mpaka sasa.

Siku hizi haifai kutoa tumbawe hai baharini. Miamba hiyo ndiyo nyumba ya samaki na ndiyo ngao ya pwani dhidi ya mawimbi, na tangu mwaka 1968 sehemu za bahari ya Malindi na Watamu zimewekwa chini ya hifadhi. Kwa hiyo fundi atengenezaye nyumba ya kale hutumia mawe ya nchi kavu, au yale yaliyoanguka kutoka katika kuta zilizobomoka.

JIWE LIGEUKALO NA KURUDI

Jambo la ajabu kupita yote ni chokaa yenyewe. Magogo hupangwa chini kwa duara, na juu yake hurundikwa vipande vya matumbawe, kisha moto hutiwa. Jiwe likipata joto la kama digrii 900 za sentigredi hutoa hewa iliyofungwa ndani yake, ile hewa ya ukaa, likawa chokaa kali iwezayo kuunguza mkono. Ikimwagiwa maji huchemka, huvimba na kupasuka. Mafundi wenye subira huiacha shimoni pamoja na maji yake kwa miezi mingi mpaka ikawa laini kama siagi.

Chokaa hiyo ikipakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile ile kutoka angani, pole pole, hata ikarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya moto. Basi ukuta wa Pwani ni jiwe lililounganishwa na kufunikwa kwa jiwe la jamii yake. Unyevu ukiingia hupata njia ya kutoka, na jua likiupasha moto, mwili na ngozi hutanuka pamoja.

Orofa nazo zilifanywa kwa chokaa. Juu ya boriti za mikoko zililazwa bapa za mawe, na juu ya hizo ukamwagwa mchanganyiko mnene wa chokaa na kokoto. Kisha watu wengi walikusanyika wakaupiga kwa magongo, siku baada ya siku, kwa nyimbo na ngoma ili mikono iende pamoja, mpaka maji yakajitokeza juu na uso wa sakafu ukajifunga. Sakafu isiyopigwa vya kutosha ilivuja. Kwa hiyo nyimbo zile zilikuwa sehemu ya kazi, wala si mchezo.

NURU KATIKA CHUMBA CHEMBAMBA

Boriti ya mkoko haifiki mbali. Kwa kadiri ya mita 3 hivi huwa imekwisha nguvu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu lakini vyembamba. Tena nyumba hizo hazikufungua madirisha makubwa njiani, kwa ajili ya sitara ya watu wa nyumbani. Mtu hupita dakani, akaingia kiwandani, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo nuru huingia msana, na kutoka msana huingia chumba cha ndani. Kila hatua nuru hupungua.

Fundi alikuwa na njia mbili za kupigana na giza hilo. Ya kwanza ni chokaa nyeupe iliyosuguliwa mpaka ikalainika, ambayo hupokea nuru kidogo na kuirudisha chumbani. Ya pili ni vidaka. Katika nyumba za karne ya 18 ukuta wa nyuma wa chumba cha ndani, ule uelekeao nuru, ulijazwa safu juu ya safu za vidaka, na kingo zake zikachongwa nakshi chokaa ingali na maji. Kila kidaka kina kivuli chake, na vivuli hivyo huufanya ukuta uonekane kama unaendelea mbali zaidi. Ndani yake ziliwekwa sahani na mabakuli ya kauri, ambayo uso wake wenye kung'aa ulishika mwangaza wo wote uliofika. Hivyo chumba chembamba kikapata upana wa macho.

Hata chooni hekima haikukosekana. Katika sakafu ya birika la maji la nyumba ya Lamu lilipachikwa bakuli la kauri, na birikani waliwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua karibu kwisha, yaliyobaki hukusanyika bakulini, samaki wakapata mahali pa kuishi mpaka birika lijazwe tena. Kipande kimoja cha kauri kilifanya kazi ya pambo, ya usafi na ya afya.

MABAKULI YA MAKABURI

Desturi ya kupachika kauri haikukaa nyumbani na msikitini tu. Makaburi yenye nguzo ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, na ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli na sahani za China. Kilwa Kisiwani yalitiwa katika kuba za misikiti, mtu akiinua macho ayaone juu yake. Vyombo hivyo, vingine vya rangi ya kijani kama maji ya kina, vingine vyeupe vyenye maua ya samawati, vilifika kwa biashara ya majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi kupitia India na Ghuba. Kuviweka juu ya kaburi la mzee kulikuwa ni kumpa heshima kwa kitu kilichosafiri mbali kuliko vyote.

Leo mengi ya makaburi hayo yana vishimo vitupu. Mengine yamevunjwa na mvua na miti, lakini mengine yameng'olewa kwa mkono wa mtu. Hasara yake si ya mali peke yake. Bakuli likiwa ukutani hutoa ushahidi, maana mtaalamu akitambua lilifanywa zamani gani hujua kwamba chokaa iliyolishika haiwezi kuwa kongwe kuliko hilo. Likiisha kung'olewa na kuwekwa kabatini kwa mtu, halina neno tena la kusema juu ya mahali lilipotoka, na ukuta nao umenyamazishwa.

Chokaa nayo ni ushahidi. Huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, liko kaburi moja ambalo tarehe yake iliandikwa katika chokaa ya ukuta: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Tarehe hiyo imekaa katika tabaka la unene wa kidole tu. Lingebanduka kabla ya kusomwa, historia ya mji ule ingekosa moja ya nguzo zake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Makumbusho na Urithi huyalinda mambo hayo. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila kaburi la kichakani, na mlinzi wa kwanza ni jirani.

UKUTA USIOPUMUA

Adui mwingine haji usiku, bali huitwa na mwenye nyumba mwenyewe. Tuseme mtu amerithi nyumba ya mawe ya babu yake. Chokaa ya chini imebanduka kwa unyevu, na harusi ya binti imekaribia. Fundi wa chokaa ataka majuma mengi. Fundi wa saruji ataka siku mbili. Mwenye nyumba achagua saruji, na siku ya harusi ukuta unang'aa, kila mtu asifu.

Masika mawili au matatu yakipita, mambo hubadilika. Maji yapandayo kutoka ardhini, yaliyozoea kutoka kwa njia ya chokaa, sasa yamefungiwa. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma. Udongo wa chokaa unaoshika mawe hulainika ukawa vumbi. Saruji ikibanduka haitoki peke yake, bali hutoka na vipande vya tumbawe. Na vichwa vya boriti, vilivyozikwa katika ukuta huo wenye maji, huanza kuoza pasipo mtu kuviona, mpaka siku orofa itakapolegea juu ya watoto waliolala. Harusi ilikwisha kwa furaha, lakini gharama yake ndiyo kwanza inaanza.

Haifai kusema kwamba saruji ni kitu kibaya. Katika nyumba mpya ya matofali ya saruji ndiyo ngozi iliyo haki. Kosa ni kuuvika mwili mmoja ngozi ya mwili mwingine.

KWA WATU WA BARA

Somo hilo lina kazi hata mbali na bahari. Watu wengi wenye nyumba za udongo hupiga lipu ya saruji juu yake ili zifanane na nyumba za mjini. Udongo hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea. Saruji haiwezi kufuata mwendo huo, hupasuka, mvua ikaingia katika ufa na kuula ukuta kwa ndani. Afadhali lipu ya udongo na mchanga iliyochanganywa na nyasi zilizokatwa au samadi ya ng'ombe, kama mama na nyanya walivyofanya, kisha ipakwe chokaa. Na paa litoke nje vya kutosha, msingi uwe wa mawe. Nyumba ya namna hiyo, ikitengenezwa kila mwaka, hudumu.

Na mwenye nyumba ya saruji apendaye uzuri asidhani kwamba lazima awe tajiri. Vigae vilivyovunjika, ambavyo wauzaji hutupa au huuza kwa bei ndogo, vyaweza kupangwa barazani kwa rangi mbalimbali. Mawe bapa ya Mazeras hupendeza uani na hayatelezi. Bali na ayashike mambo matatu. Mchanga uwe safi, usiwe wa pwani wenye chumvi. Kila kigae kigongwe kidogo kwa kifundo cha kidole kikiisha kukauka, na kinacholia kama kitu kitupu king'olewe kipachikwe upya. Tena chooni na mlangoni visitumiwe vigae vyenye kung'aa, kwani maji yakimwagika hapo mzee huvunjika nyonga.

Lamu iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na Gedi mwaka 2024. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haipaki ukuta hata mmoja chokaa. Kazi hiyo yataka vijana watakaokubali kukaa na wazee wenye mwiko, wajifunze kuchoma chokaa, kuilaza na kuisugua, na yataka wenye nyumba watakaowalipa kwa subira. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba ya kale na aangalie pia ufa huo anauziba kwa kitu gani.