Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Kila vyuo vyetu vinapotuma wanafunzi mashambani kukusanya lugha, suala la malazi huzuka kabla ya suala la utafiti wenyewe. Siku hizi wapo wanaopendekeza kijumba cha kupachikwa nyuma ya pikapu, chenye vitanda, jiko na tangi la maji, mfano wa vile vinavyopendwa Australia na Marekani. Wazo hilo si baya. Mtu anayekwenda Jego kuwasikiliza wasemaji wa Kivumba na Kidigo hapendi kuwa mzigo kwa wenyeji wake. Hata hivyo, nachelea kwamba tunachagua kwa macho, mizani tumeisahau.

Na tuanze na hesabu. Chukua pikapu iliyoruhusiwa kubeba kilo 1000. Kijumba kitupu chenye kuta ngumu huweza kufikia kilo 600. Watu wanne ni kilo 280. Maji lita 80 ni kilo 80. Jumla imekwisha kuwa kilo 960, na bado hatujapakia chakula, betri wala gurudumu la akiba. Gari la namna hiyo huelemewa hata katika lami, seuze katika tope la masika, mto Umba unapofurika kutoka milima ya Usambara na kuvifikia vijiji vya Vanga na Jego!

Mabaharia wa pwani hii hawahitaji kufunzwa jambo hili. Nahodha hupanga shehena nzito chini ngamani, wala hairundiki tezini. Kadhalika kijumba: uzito wake sharti uangukie mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukizidi nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hauitiki sawasawa; ukizidi juu, gari huyumba penye makorongo.

Rai yangu, basi, ni kijumba chepesi na kifupi, chenye kuta za turubai za kukunjwa. Matawi ya miembe na mikorosho hayatakiparura, na usiku upepo wa bahari utapenya vyandaruani, ilhali sanduku la bati hugeuka tanuri. Taabu yake ni mvua: turubai likikunjwa bichi huota ukungu, hivyo halina budi kuanikwa. Tena kiwe cha kushushwa na kusimama kwa miguu yake, nayo itandikiwe mbao isizame. Ndipo gari litakapobaki huru kumfikisha mgonjwa Msambweni usiku wa manane.

Lipo neno moja zaidi, na kwangu mimi ndilo kubwa. Lugha haikai katika dodoso. Hukaa barazani baada ya Isha, jikoni nazi inapokunwa, na pwani wavuvi wanapogawana samaki. Mwanafunzi anayejifungia kijumbani jua linapotua atarejea chuoni na orodha ya msamiati, lakini mazungumzo yatakuwa yamempita. Kijumba na kiwe mahali pa kuhifadhi vyombo na kulaza ubavu, kisije kikawa ngome.

Walimu wenzangu, kabla ya kutia saini hati za ununuzi, lipelekeni gari mizanini likiwa limejaa watu na maji, kisha waulizeni wenyeji hali ya njia. Wahenga walikwisha kutuonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Australia ina vumbi lake. Jego ina tope lake.