Mashine isijisahihishie mtihani

KUTAFUTA maada mpya za kuundia betri au paneli za sola ni kazi ya kuchosha. Mtafiti huchanganya poda, huzichoma, hupima; akishindwa, hurudia. Ndiposa wengi walishangilia Novemba 29, 2023, maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani ilipotangaza kuwa roboti zake, zikiongozwa na programu za tarakilishi zinazojifunza, zilikuwa zimeunda maada 41 kati ya 58 zilizolengwa, kwa siku 17 pekee.

Utaratibu wa maabara hiyo, iitwayo A-Lab, ni wa kupigiwa mfano. Programu iliyosomeshwa ripoti za kisayansi hupendekeza mapishi. Roboti hupima poda, huzichanganya na kuzitia tanurini. Kinachotoka hupigwa eksirei. Mapishi yakiambulia patupu, programu huyazingatia matokeo hayo na kuchagua jaribio linalofuata. Hapo sina ugomvi nayo.

Ugomvi ni kwamba kuamua iwapo jaribio limefaulu kuliachiwa programu pia, kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2024, Robert Palgrave wa University College London, Leslie Schoop wa Princeton na wenzao walichapisha uchunguzi wao katika jarida la PRX Energy. Walikuwa wamepitia matokeo hayo yote, na uamuzi wao ulikuwa mkali: hakuna maada mpya hata moja iliyopatikana. Takriban thuluthi mbili ya zilizohesabiwa kuwa ufanisi, walisema, yaelekea zilikuwa zikijulikana tayari. Programu ilikuwa imetabiri kwamba kila aina ya atomu ingekaa mahali pake maalumu, mithili ya wageni karamuni waliotengewa viti kwa majina. Tanurini, atomu nyingine hubadilishana viti ovyo. Picha za eksirei za hali hizo mbili zaweza kufanana mno, na kuzitenganisha kwahitaji jicho zoevu.

Si ubishi wa wasomi tu. Matokeo yenye kasoro yakiingia katika kumbukumbu za sayansi, programu za kesho zitasomeshwa kasoro hizo hizo.

Gerbrand Ceder, aliyeongoza mradi huo, aliutetea akisema lengo lilikuwa kudhihirisha uwezo wa maabara inayojiendesha. Hata hivyo, alikubali kuwa binadamu angeweza kuzichanganua sampuli hizo vyema zaidi. Sampuli zenyewe ni chache kuliko wanafunzi wa darasa moja katika shule zetu nyingi za umma. Mbona basi uchanganuzi huo bora haukutangulia tangazo?