Tuhesabu miti iliyo hai, tuache kuhesabu miche

Vijana wenzetu wa Lobule, Imvepi, Rhino Camp na kwingine, neno la leo ni letu. Na ninyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma, leo mvumilie kidogo, maana tuko na neno lenu pia.

Ukipita bloku yetu hapa Lobule mwezi wa pili, saa nane mchana, utafikiri watu wamehama. Nyumba ziko wazi, ndani hakuna mtu. Wote wako chini ya mwembe mmoja: wamama na watoto wachanga, wanafunzi na madaftari yao, wazee na kiti chao, na sisi wa kujitolea na mikutano yetu isiyoisha. Ule mwembe hatukuupanda sisi, na hakuna mradi uliouleta. Tuliukuta. Mwenye ardhi aliuacha usimame, na siku akiamua kuukata, sijui tutakimbilia wapi.

Nyumba zetu zimebadilika. Zamani wengi tuliezeka kwa nyasi. Siku hizi nyasi nzuri iko mbali, mchwa wanaila, na moto ukishika bloku nzima inalia. Kwa hiyo mwenye uwezo ananunua mabati. Hatumlaumu mtu, mabati yanazuia mvua na yanadumu. Lakini nyasi inazuia joto, na bati linalipokea jua na kulishusha kichwani. Mchana nyumba ya bati isiyo na dari ni kama sufuria iliyofunikwa.

Kijana mmoja wa bloku yetu alimwonea koko wake huruma. Koko alikuwa ametoka nyumba ya nyasi akaingia ya bati, na mchana alikuwa anazimia-zimia. Kijana akauza mbuzi wawili, akapanda gari mpaka Arua mjini, akarudi na sola ndogo, betri na feni. Tulimpongeza, na mpaka leo tunasema alifanya jambo la upendo. Lakini feni haitengenezi baridi. Inazungusha hewa iliyomo, na kama hewa ya ndani ni moto, inakupulizia moto. Betri nayo haikumaliza mwaka. Mbuzi wamekwenda, na koko yuko wapi saa nane? Yuko chini ya mwembe.

Hili joto si la kuchezea. Ndugu zetu wenye familia Sudan Kusini wanajua: mwezi wa tatu 2024 serikali ya kule ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika digrii 45, na mwezi wa pili 2025 ikafunga tena baada ya wanafunzi kuanguka. Kutoka hapa Koboko mpaka huko ni karibu tu.

Sasa tuseme ukweli juu ya miche. Mwaka jana bloku yetu ililetewa miche 60. Ilikuja mwezi wa kumi, mvua ikielekea kuisha. Tulipiga picha, tukapewa maji ya chupa, gari likaondoka. Mwisho wa mwezi wa tatu sisi vijana tulitembea nyumba kwa nyumba kuhesabu. Iliyo hai ilikuwa 11. Kwenye ripoti, bila shaka, bado ni 60.

Nani aliua ile 49? Mbuzi waliua mingine, na mbuzi ni wetu. Mchwa waliua mingine. Mingi zaidi iliuawa na kiu, na hapo sisi tumo. Tulisema: "Hii ni miti ya mradi." Tulisema pia: "Kwa nini nipande mti na mimi kesho narudi Kongo?" Jamani, Lobule ilifunguliwa 2013. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo anakaribia kumpita mama yake urefu. Mwarobaini uliopandwa siku aliyozaliwa ungekuwa unafunika nyumba yao sasa. Hiyo kesho yetu imekuwa ndefu, na tumeilala juani.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi kwenye mikutano. Ardhi hii ni ya koo za wenyeji. Walikubali tupewe ploti za kukaa na kulima kidogo. Lakini mti wa miaka mingi, machoni pa mwenye ardhi, unafanana na alama ya mpaka. Ukipanda maharage hana shida. Ukipanda mwembe anaanza kujiuliza kama unataka kubaki na ardhi yake. Baadhi yetu waliambiwa hivyo waziwazi na wakang'oa. Hatuwezi kuwakasirikia wenyeji, hofu yao inaeleweka. Lakini bila kuzungumza nao, kila mche ni ugomvi unaosubiri kukua.

Kwa hiyo tunasema haya.

Kwetu vijana: kila nyumba mti mmoja tu, lakini uishi. Upande mwezi wa nne mvua ikianza, ili mizizi iwe imeshuka kiangazi kikifika mwezi wa kumi na mbili. Upande upande wa magharibi wa nyumba, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalochoma ukuta na bati. Uache hatua kadhaa, mizizi isisumbue ukuta na tawi lisianguke juu ya bati. Mwarobaini na mjohoro hukua haraka. Mwembe unachelewa lakini unalisha. Zungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Weka majani makavu kuzunguka shina, ila yasiliguse, maana mchwa watapanda hapo.

Maji tunajua ni shida, foleni ya pampu tunaijua. Lakini jerikeni mbili za lita 20 kwa wiki, kiangazi cha wiki 17, ni jerikeni 34. Viangazi viwili ni 68, na baada ya hapo mti mwingi unaanza kujitafutia. Maji ya kuoshea mboga na ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi yanafaa. Mwaga yote pole pole mara moja au mbili kwa wiki, yashuke chini. Kikombe kimoja kila siku kinalowesha vumbi tu. Wakati mti unakua, funga mkeka wa nyasi chini ya bati kama dari, na acha madirisha mawili yanayotazamana.

Kwenu mashirika: tangu 2023 chakula cha mgao Uganda kinagawanywa kwa makundi, wengine wanapata kidogo, wengine hawapati kabisa. Mtu mwenye njaa hatabeba maji ya mche wa ripoti. Leteni miche michache zaidi, kabla ya mvua, na pesa inayobaki iwalipe watu kuzungushia na kumwagilia viangazi viwili. Halafu njooni mhesabu mwisho wa mwezi wa tatu, na mwandike namba mtakayoikuta hata kama inaaibisha. Yetu ni 11, tumeiandika hapa.

Kwa wazee wetu, wenyeji na viongozi wa bloku: tukae chini tuandikiane. Karatasi iseme kwamba kivuli na matunda ni ya anayetunza wakati yuko hapa, na siku akiondoka mti unabaki kwa mwenye ardhi. Hatutaki ardhi ya mtu. Tunataka koko awe na pa kukaa saa nane, na mlango wa kwake uwe karibu.

Miche 11 yetu bado iko. Mmoja, mwarobaini, umefika kiunoni. Ninyi mna mingapi? Hesabuni, halafu mtuambie.