Daftari la Bwana Mifugo ni Ulinzi wa Hifadhi

Kila linapotajwa suala la kuwalinda wanyamapori wetu, fikra za wengi huelekea kwa askari mwenye bunduki anayewasaka majangili. Hatuibezi kazi hiyo. Lakini yuko adui mwingine asiyepigika kwa risasi, naye ni maradhi. Kupambana naye kunahitaji elimu ya kuchunguza jinsi magonjwa yanavyozuka na kuenea, na ufuatiliaji wa daima: amekufa mnyama gani, wapi, na kwa sababu gani.

Historia ya sotoka yatosha kuwa hoja. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka hadi kusini kabisa mwa bara hili kabla karne haijakwisha. Katika nchi ya Wamasai ng'ombe waliteketea, nyati na nyumbu wakafa pamoja nao, na njaa ikafuata. Miongo kadhaa baadaye ndama wa nyumbu wa Serengeti walikuwa bado wanakufa kwa sotoka, na wengi wakaamini kwamba wanyamapori ndio ghala la ugonjwa. Tuhuma hiyo ilikuwa nzito, maana mnyama anayedhaniwa kuwaua ng'ombe hapati mtetezi kijijini.

Jibu lilipatikana ndani ya damu. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa kwa wingi, wataalamu walipima damu ya nyumbu, akiwamo Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo mpya ya sotoka katika maabara ya Muguga nchini Kenya. Nyumbu waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakukutwa na dalili ya kuguswa na ugonjwa huo. Ikawa bayana kwamba sotoka ilikuwa ikitoka kwa ng'ombe kwenda kwa nyumbu. Idadi ya nyumbu, iliyokadiriwa kuwa 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilizidi 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa imeondokana na sotoka. Sindano iliyomnusuru ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyoijaza Serengeti nyumbu, na insafu yataka mfugaji apewe sehemu yake ya sifa.

Mwaka 1994 yalitokea mengine. Simba wa Serengeti walishikwa na degedege, na takriban theluthi moja yao wakafa. Ilibainika kuwa ni kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa. Damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya nyuma ilionyesha kuwa simba walikwisha kuguswa na kirusi hicho hapo kabla bila kufa kwa wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza kuwa ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe. Simba waliowala wakaelemewa na vimelea vya kupe na kirusi kwa pamoja. Bila chupa zile za damu, nani angeyajua hayo?

Mbwa wa vijijini walianza kuchanjwa. Lakini utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chanjo ya mbwa peke yake haikutosha kuwakinga simba, kwa kuwa kirusi kilikwisha kupata makao pia kwa wanyama wa porini. Wapo watakaosema basi chanjo ni hasara. Hoja hiyo ni dhaifu: kumchanja mbwa dhidi ya kichaa humwokoa mtoto wa kijijini, hata kama simba hafaidiki.

Lipo jambo ambalo aghalabu halisemwi katika semina. Habari za kwanza za ugonjwa humfikia mchungaji, wala si maabara. Naye akijua kwamba taarifa yake italeta karantini na kufungwa kwa mnada, bila chanjo wala fidia, atanyamaza, na mzoga utaliwa na fisi kabla bwana mifugo hajaandika neno. Kumlaumu kwa kunyamaza ni dhulma.

Kwa hiyo vijana wanaosomea tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wafundwe kuhesabu na kuuliza kama wanavyofundwa kutibu. Na halmashauri zinazopakana na hifadhi, zinapogawa mafungu ya fedha, zimpe bwana mifugo pikipiki yenye mafuta, jokofu la kuhifadhia sampuli, na majibu ya maabara atakayoweza kumrudishia mfugaji aliyetoa taarifa.